Kitufe Kisichokuwapo: Shaka na Hukumu katika L.A. Noire

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya maarifa imeyarudia kizazi baada ya kizazi, lipo moja linaloonekana dogo lakini lenye uzito wa pekee kwa yeyote aliyekabidhiwa mamlaka ya kuamua juu ya mwenzake: mtu anayetia shaka anafanya nini hasa? Je, shaka ni tendo, yaani hatua ya kumwelekea mtuhumiwa, au ni kujizuia kutenda, yaani kuiacha hukumu isubiri hadi ushahidi utoshe? Swali hili liliibuka upya mahali ambapo wanafalsafa wachache wangelitafuta, ndani ya L.A. Noire, mchezo wa video uliotengenezwa na studio ya Team Bondi ya Sydney, Australia, chini ya uongozi wa Brendan McNamara, na kutolewa na kampuni ya Rockstar Games mwezi Mei 2011. Wachezaji waliupokea kwa sifa na kwa kicheko, na makala haya yanadai kwamba kicheko kile kilibeba hekima kuliko sifa zile.

Mchezo huu huwekwa katika kundi la michezo ya ulimwengu huria, yaani michezo ambamo mchezaji hafuati njia moja iliyochongwa bali hupewa eneo pana la kuzunguka apendavyo. Eneo lenyewe ni Los Angeles ya mwaka 1947, iliyojengwa upya kwa msaada wa picha za angani zilizopigwa zamani na Robert Spence, na ndani yake mchezaji humwendesha Cole Phelps, mwanajeshi aliyerejea kutoka vita vya Okinawa akiwa na nishani ya ushujaa, ambaye sasa anapanda ngazi katika polisi ya jiji hilo, kutoka doria hadi makosa ya barabarani, kisha mauaji, kisha makosa ya maadili, kabla ya kushushwa na kutupwa kwenye dawati la uchomaji moto. Kazi yake ni ya mpelelezi: kuokota vitu kwenye eneo la tukio, kuviandika daftarini, kuwahoji mashahidi na watuhumiwa, hatimaye kuamua nani afunguliwe mashtaka. Kila jibu la mhojiwa humtaka mchezaji achague neno moja kati ya matatu, Ukweli, Shaka au Uongo, na anayechagua Uongo hudaiwa papo hapo kitu cha kuuthibitisha.

Kilichoufanya mchezo huu uzungumzwe hata na watu wasiocheza ni nyuso. Teknolojia iliyoitwa MotionScan, iliyobuniwa na kampuni dada ya Depth Analysis, ilimketisha mwigizaji katikati ya kamera 32 zilizonasa kichwa chake kutoka pande zote kwa wakati mmoja, hata kila mkunjo wa paji la uso, kila kumeza mate na kila kupepesa kope kukaingia mchezoni kama kulivyotokea. Tamasha la filamu la Tribeca la New York liliuteua mwaka 2011, na haikuwahi kutokea kabla ya hapo mchezo wa video ukapewa heshima hiyo katika tamasha hilo. Wahakiki waliusifu kwa kuyafanya mazungumzo yenyewe kuwa uwanja wa mchezo, nafasi ambayo kwa kawaida hukaliwa na bastola na magari. Nyuma ya sifa hizo, hata hivyo, lilikuwapo dai la kifalsafa ambalo halikutamkwa wazi, kwamba yaliyomo moyoni huandikwa usoni, na kwamba aliyejifunza kusoma atayasoma.

Dai hilo ni la kale na lina mvuto, lakini halisimami vizuri mbele ya vipimo. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, zenye jumla ya waamuzi zaidi ya 24,000 walioombwa kutenganisha ukweli na uongo bila msaada wa ushahidi mwingine, na wastani wa waliopatia ukawa asilimia 54, kiwango kinachoizidi kidogo tu sarafu iliyorushwa hewani. Mwaka huo huo utafiti mwingine uliohusisha nchi zaidi ya 50 ulionyesha kwamba imani iliyoenea kuliko zote kuhusu mwongo ni kuwa hukwepa kumtazama mtu machoni, ingawa vipimo haviungi mkono imani hiyo. L.A. Noire ulijengwa juu ya imani hiyo hiyo: msema kweli hutulia akamtazama Phelps, ilhali mwongo huhangaisha macho, hubana midomo na kugeuza shingo, na si wachezaji wachache waliolalamika kwamba waigizaji waliutia uongo chumvi kupita kiasi. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuitilia mashaka kanuni hiyo. Katika malezi ya jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa wake huonyesha adabu, na lugha yenyewe imemtengea mwongo sugu sifa ya macho makavu, yaani macho yasiyo na haya, yanayomkazia mtu bila kupepesa. Kwa mizani ya mchezo huu, mtoto mwenye adabu angelala mahabusu na mwenye macho makavu angesindikizwa hadi mlangoni.

Lakini kilichowachekesha wachezaji ni kitufe. Aliyechagua Shaka mara nyingi alikusudia jambo la upole: kumwambia shahidi kwamba maelezo yake hayajakamilika, kwamba kuna pengo kati ya alichosema na kile kilichokutwa, kwamba afikiri tena. Phelps, kwa mshangao wa aliyemwendesha, aliweza kuruka kutoka katika utulivu, akapaza sauti, akamtishia mjane aliyekuwa akilia kwa maneno ambayo mchezaji asingethubutu kuyatamka. Sababu ya kiufundi inaeleweka. Wakati maandishi yalipoandaliwa na waigizaji kurekodiwa, machaguo hayo yalikuwa na majina mengine: lile lililokuja kuitwa Ukweli liliitwa kwa neno la kumbembeleza mhojiwa, na lile lililokuja kuitwa Shaka liliitwa kwa neno la kumtumia nguvu. Majina yakabadilishwa baadaye, sauti zikabaki zile zile. Mchezaji alisoma neno la maarifa, akasikia tendo la ubabe.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayamalizi jambo, kwa sababu mtu hubadilisha jina kwa jina analodhani linakaribiana nalo, na kwa hiyo inabaki kuulizwa ni kwa njia gani kutumia nguvu na kutia shaka vilionekana kukaribiana. Jibu linaelekea kupatikana katika mazoea ya mahojiano ya polisi, ambamo shaka ya afisa haibaki kuwa hali ya akili yake bali hugeuzwa kuwa shinikizo juu ya akili ya mwingine. Afisa hasemi kwamba yeye hajui. Husema kwamba mtuhumiwa anaficha. Upungufu wa maarifa wa muulizaji huhamishwa kimyakimya, ukawa dhambi ya muulizwaji. Hapo neno shaka limepoteza maana yake, na mtu makini hana budi kulirudisha kwake.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ambao istilahi zao zimeingia katika Kiswahili hata kwa wasio Waislamu, walizipanga hali za akili kwa namna inayosaidia sana hapa. Yakini ni ujuzi usiobakiza mlango wa kinyume. Dhana, kwa maana yao na si kwa maana ya wazo inayotumika leo katika vitabu vya shule, ni akili kuelemea upande mmoja bila kuufunga upande wa pili. Shaka ni pande mbili kulingana uzito kama mizani iliyotulia. Kwa mpango huu, mwenye shaka hajaelemea popote, na kwa hiyo hana cha kumsukumia mtu. Kutokana na hilo walijenga kanuni mashuhuri kwamba yakini haiondolewi na shaka, kanuni ambayo kila aliyesoma chuoni huifahamu kwa mfano wa udhu: aliyekuwa na hakika kwamba ametawadha, kisha akashuku kama udhu umetenguka, huhesabiwa bado anao. Karibu yake waliweka kanuni nyingine, kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na dhima, na kwa kuziunganisha hizo mbili inatoka natija nzito: shaka, popote inapotokea katika hukumu, humfaa mshtakiwa wala haimdhuru. Kitufe cha Phelps kiliigeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu.

Falsafa ya Ulaya nayo, ijapokuwa ilipita njia nyingine, haikuwa mbali. René Descartes, aliyeifanya shaka kuwa mbinu ya kutafuta msingi wa maarifa katika kitabu chake cha tafakuri cha mwaka 1641, aliuliza katika tafakuri ya nne kosa linatoka wapi ikiwa akili ni kipaji cha Mungu asiyedanganya, na akajibu kwamba kosa halitoki katika akili wala katika utashi peke yake, bali katika kutolingana kwa hivyo viwili: akili ya mwanadamu huona kwa mpaka, lakini utashi wake hauna mpaka, hivyo hukubali au kukataa mambo ambayo akili bado haijayaona vizuri. Dawa aliyoitoa ni kujizuia kutoa hukumu mpaka jambo liwe wazi. Na kwa upande wa wanazuoni wa Kiislamu, Ghazali, zaidi ya karne tano kabla yake, alikuwa ameeleza jinsi alivyoishi karibu miezi miwili katika shaka iliyomnyima hata imani ya hisi zake, na katika maelezo yake shaka hiyo ni maradhi ya nafsi yanayomtaabisha yeye mwenyewe. Si kwa Descartes wala kwa Ghazali ambako mwenye shaka humgeukia jirani akamkunjia ngumi.

Ni katika dawati la mauaji ambapo upungufu huu unaacha kuwa mzaha. Sehemu hiyo ya mchezo imejengwa juu ya kivuli cha kifo cha kweli cha Elizabeth Short, mwanamke aliyekutwa ameuawa mjini Los Angeles mwezi Januari 1947 na ambaye muuaji wake hajawahi kupatikana. Phelps na mwenzake Rusty Galloway wanapewa mfululizo wa mauaji ya wanawake yanayofanana na hilo, na katika kila moja anapatikana mwanamume ambaye ushahidi unamwangukia, anashtakiwa, jalada linafungwa. Mfano ulio wazi zaidi ni shauri la mke wa Hugo Moller, ambamo mchezaji hubaki na watuhumiwa wawili, mume mwenyewe na Eli Rooney, mtu mwenye rekodi ya kudhulumu watoto. Nyota tano, alama ya juu kabisa ya upelelezi bora, hutolewa kwa anayemshtaki Rooney, kwa kuwa ndiye ambaye mkuu wa kitengo anatamani kumwona akitiwa hatiani; anayemshtaki Moller hukaripiwa. Mwishoni mwa dawati hilo inafichuka kwamba wanawake wote waliuawa na mtu mmoja, mhudumu wa baa aitwaye Garrett Mason, aliyekuwa akiupandikiza ushahidi kwa wengine, na kwamba habari hiyo itafukiwa kwa sababu ndugu yake ni mtu mkubwa serikalini.

Wachezaji wengi walikasirika, na hasira yao inastahili kuchunguzwa kwa uangalifu kwa sababu ilikuwa na sehemu mbili zilizochanganyika. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyenyimwa ujira: nyota zilizosifia kazi yake zilikuwa za uongo, na muda wake umepotea bure. Hiyo ni hasira ya kitoto kidogo, maana ndiyo hasa maana ya simulizi, kwamba sifa za taasisi na ukweli wa jambo ni vitu viwili. Ya pili ni nzito kuliko hiyo. Wachezaji kadhaa walikuwa wameshuku. Waliona kwamba mauaji yanafanana mno, kwamba ushahidi umepangwa vizuri kupita kawaida, na wengine walijua kabisa kwamba wala Moller wala Rooney hakuwa muuaji. Walitafuta njia ya kulisema hilo ndani ya mchezo, wakakosa. Mchezo uliowapa jiji la kuzunguka, magari 95 ya kuendesha na matukio 40 ya mitaani ya kuitikia, haukuwa na njia ya kusema kwamba ushahidi hautoshi, kwamba wote wawili waende nyumbani, kwamba jalada libaki wazi. Ulimwengu ulikuwa huria kwa miguu na magurudumu. Kwa hukumu ulikuwa na mlango mmoja tu, nao ulielekea mahakamani.

Hapa ndipo linapopatikana pengo halisi la L.A. Noire. Kelele za kitufe cha Shaka zingeweza kusameheka kama kasoro ya tafsiri kati ya waandishi na wasanifu; kukosekana kwa kitufe cha nne hakuwezi. W. K. Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1877 kwamba ni kosa la kimaadili, si la kiakili tu, kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha, na akatoa mfano wa mwenye meli anayejishawishi kwamba chombo chake kikuukuu kitafika salama: hatia yake, alisema Clifford, ni ile ile hata kama meli itafika, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Kwa kipimo hicho, mchezaji aliyemfungulia mashtaka Rooney angekuwa na hatia hata kama Rooney angegeuka kuwa muuaji wa kweli, na mchezo uliomlazimisha ungekuwa na hatia kubwa zaidi.

Ipo hoja ya kumjibu Clifford, na ni hoja yenye nguvu. William James wa Marekani alisema mwaka 1896 kwamba yapo machaguo yasiyo na nafasi ya kungoja, ambamo kutochagua ni namna ya kuchagua, na kwamba mtu anayesubiri yakini katika mambo hayo hapati usalama bali hupoteza kwa njia nyingine. Mtetezi wa Phelps angeweza kusema kwamba mwindaji wa muuaji yumo katika hali hiyo hasa: kila siku anayosubiri, mwanamke mwingine anaweza kufa. Lakini simulizi la mchezo wenyewe linaivunja hoja hiyo kwa ukatili, pengine bila waandishi wake kukusudia. Wanawake waliofuata hawakufa kwa sababu polisi walisubiri. Walikufa wakati mahabusu imejaa watu wasiohusika na majalada yamefungwa, kwa kuwa jalada likifungwa hakuna anayeendelea kutafuta. Kumwachia mtuhumiwa na kuendelea kuchunguza ni njia ya tatu iliyokuwapo siku zote, na James mwenyewe aliona kwamba pale chaguo lisipokuwa la lazima, akili isiyo na upendeleo ndiyo inayopaswa kutawala.

Inafaa kugusia, japo kwa ufupi, msaada uliopewa mchezaji aliyekwama. Aliweza kutumia alama za hisia ya ndani, alizozipata kadiri alivyopanda cheo, ama kuondoa jibu moja lisilo sahihi ama kuona kwa asilimia wachezaji wengine walichagua nini. Ukweli wa shahidi ukapigiwa kura. Wanazuoni wa hadithi walijua kwamba wingi wa wasimulizi huleta yakini, lakini waliweka sharti kwamba wasimulizi hao wawe wameona au kusikia kwa hisi zao, si kwamba wamekisia kwa wingi. Na katika L.A. Noire wingi ulifaa kwa sababu moja tu, kwamba jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa na wengine walikwisha kugonga ukuta kabla. Nje ya mchezo hakuna aliyetangulia kugonga ukuta kwa niaba ya mpelelezi.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji walilinung'unikia, nalo ni uhusiano wa Phelps na mwimbaji wa Kijerumani Elsa Lichtmann, unaomvunjia ndoa na kazi. Walisema ulikuja ghafla, bila kuandaliwa. Ni kweli kwamba waandishi waliuficha mno. Lakini kwa swali la makala haya kificho hicho kina manufaa kuliko maelezo yoyote. Kwa saa nyingi mchezaji ameutazama uso wa Phelps kuliko uso mwingine wowote, uso ulionaswa kwa kamera zile zile 32, na amefundishwa kwamba nyuso husema. Uso huo haukumwambia lolote, wala juu ya mwanamke huyo, wala, kabla ya simulizi za vita kukamilika, juu ya nishani ambayo mwenye nayo mwenyewe hakuamini kwamba anaistahili. Aliyeshika usukani wa moyo wa mtu hakujua kilichomo ndani yake.

Mchezo ulipotolewa tena mwaka 2017 kwa mashine mpya zaidi, majina ya vitufe yalibadilishwa: Ukweli ukawa Polisi Mwema, Shaka ikawa Polisi Mkali, na Uongo ukawa Shutuma. Wengi waliona hayo kuwa marekebisho ya kawaida yaliyokaribia majina ya mwanzo, na kwa upande wa matumizi walikuwa sahihi. Kwa upande wa falsafa badiliko hilo ni kama ungamo. Majina ya kwanza yalieleza hali ya maneno ya mhojiwa, kama ni ya kweli au la. Majina mapya yanaeleza mwenendo wa anayehoji. Neno ukweli liliondolewa katika chumba cha mahojiano, na kilichobaki ni uchaguzi wa mbinu tatu za kumshughulikia mtu. Ni maelezo ya haki zaidi ya kile kilichokuwa kikitendeka tangu mwanzo.

Wakati huo wachezaji walikuwa tayari wamelichukua lile neno la zamani. Picha ya uso wa Phelps, ikiwa na herufi X ya kitufe cha mashine ya Xbox na neno la shaka kando yake, ilisambaa kama mzaha unaotumika popote mtu anapotoa dai lisiloaminika, la mwanasiasa aliyeahidi au la rafiki anayesema yuko njiani, hata kwa watu wengi ambao hawajawahi kuushika mchezo wenyewe. Katika picha hiyo hakuna anayekamatwa. Phelps ametulia, anamtazama mtu asiyeonekana, na kwa kuwa picha haina sauti, hapigi kelele.